Bodi ya Mama Mdogo Stela

Juzi nilimpelekea fundi simu yangu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji. Akaifungua mbele yangu, akachovya mswaki kwenye kichupa cha spiriti, akaanza kuisugua taratibu kama mama anayemsafisha mtoto masikio. Kisha akachukua chuma cha kulehemia. Harufu zile mbili, ya spiriti na ya utomvu unaoungua, zilinifikia kwa pamoja nikiwa nimeegemea meza yake, na nikajikuta namwambia mtu nisiyemjua hata jina, "Sisi kwetu tulitumia gongo." Fundi akanitazama kwa mashaka. Nilicheka, nikamwomba aendelee na kazi yake, lakini kichwa changu kilikuwa kimeshafika kijijini kwetu Mabira, chumbani kwa Baba, enzi zile ambapo Kyerwa yote bado ilikuwa ndani ya wilaya ya Karagwe.

Baba alikuwa karani wa kupokea kahawa kwenye chama cha ushirika, na mzee wa kanisa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na sauti ya kuvuka bonde. Ukimsikia anasalimiana na mtu barabarani ungedhani wanagombana. Msimu mmoja, kahawa ikiwa imepamba moto, alianguka pale pale kwenye mizani. Kiharusi. Upande wake wa kulia ukafa, mdomo ukavutwa ukaenda upande, na maneno yakamkauka. Hospitali ya misheni walimlaza wiki kadhaa, kisha wakamrudisha nyumbani wakisema mwili utaamka taratibu, hata sauti inaweza kurudi, ila mwenyewe ajitahidi.

Baba hakujitahidi. Aligeukia ukuta.

Tukimgeuza atazame chumba, alikuwa anashika ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima na kujivuta mpaka arudi alikotoka. Mama alimlisha uji, yeye Baba akiwa amempa mgongo, maana hata kwa chakula hakukubali kututazama. Wageni walikuja kutoa pole, wakaketi, wakatafuna kahawa zilizochemshwa kama ilivyo desturi kwetu, wakamzungumzia kana kwamba ameshaondoka. Yeye akawaachia kisogo.

Justo, mdogo wangu, aliamini Baba amekasirika. Mimi nilikuwa na maelezo yangu, na nilikuwa na hakika nayo kama mtu wa miaka tisa anavyoweza kuwa na hakika: Baba ameona kitu ukutani. Mtu mzima hawezi kutazama udongo mtupu asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo chumba kikibaki wazi nilipanda kitandani nyuma yake, nikachungulia juu ya bega lake. Ulikuwepo ufa mrefu wenye matawi, na sisimizi walikuwa wakipanda nao mmoja mmoja. Nikaufuata ule ufa kwa macho mpaka kwenye boriti. Nilidhani ni ramani ya njia fulani, na kwamba Baba akiisha kuikariri atanyanyuka aende huko. Hofu yangu ilikuwa hiyo tu, kwamba ataimaliza kabla sijamuuliza anakwenda wapi.

Mama Mdogo Stela alifika katikati ya hali hiyo. Alikuwa mdogo wake Mama, hajaolewa, na alikuwa akifanya kazi Kampala kwenye ukumbi wa michezo ya mashine. Alitueleza kwamba ni masanduku makubwa kama kabati, yana kioo mbele. Unatumbukiza sarafu, kioo kinawaka, unacheza. Kazi yake ilikuwa kuuza sarafu, lakini vijana wa kutengeneza mashine walikuwa hawaji kazini kila siku, na yeye ni mtu ambaye hawezi kuona skrubu akaiacha. Mchwa walipolila sanduku mojawapo, tajiri wake akaamuru likachomwe. Stela akaomba apewe ubongo wake. Ndio huo aliokuja nao, umefungwa kwenye kitenge: bodi ya kijani, pana kuliko sinia, yenye vidude vyeusi vyenye miguu pande zote mbili. Niliposhika kimoja nikasema ni jongoo. Stela akacheka, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu vikaitwa majongoo.

Bibi, mama yake Baba, alimtazama kutoka kwenye kigoda chake. "Binti, umekuja kuuguza au umekuja kuuza mabati?"

"Nimekuja kuuguza, Mama. Bati limenisindikiza tu."

Stela ndiye mtu pekee aliyezungumza na mgongo wa Baba kama vile unazungumzika. "Shikamoo shemeji. Leo kumenyesha. Mbuzi wa jirani kala maharage yako, nimempiga jiwe kwa niaba yako." Baba hakujibu, naye hakungoja jibu. Jioni moja nilimsikia jikoni akimwambia Mama, "Dada, huyu si kwamba hawezi kugeuka. Anaona aibu ya mdomo wake. Hapendi watoto wamwone anavyotokwa na mate." Mama akaendelea kumenya ndizi. Stela akasema, "Hapendi kutazamwa. Basi tumpe yeye kitu cha kutazama."

Mimi nikaona hajui kitu. Aibu gani ya kumfanya mtu atazame ukuta? Nilikuwa na ufa wangu, nikabaki nao.

Kitu chenyewe alichokusudia ni ule mchezo. Na kioo kilikuwepo, maana Baba alikuwa na televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari, ya kwanza upande wetu wa kilima. Tuliinua antena juu ya mti wa mkaratusi, na siku hewa ikiwa nzuri tulinasa Uganda, watu wakionekana kama wanatembea ndani ya mvua. Tangu Baba aanguke ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyeigusa. Stela alipomwomba Mama ruhusa ya kuifungua, Mama alishika kifua.

"Ukiiua, yeye akiamka nitamwambia nini?"

"Akiamka akanigombeza, dada yangu, nitachinja kuku."

Mama alifikiri mpaka viazi vikaanza kuungua. Kisha akamkabidhi kisu cha mezani kwa ajili ya skrubu, maana bisibisi hatukuwa nayo.

Sijawahi kufurahia likizo kama ile. Stela hakuwa na chombo cha maana hata kimoja. Chuma cha kulehemia kilikuwa kipande cha shaba alichokitia kwenye jiko la mkaa mpaka kikaiva. Badala ya dawa ya kulehemia alitutuma mimi na Justo tukabandue utomvu kwenye misonobari ya kanisani. Redio kaseti iliyokufa ya mjomba ilitoa vipuri vya kupunguza nguvu ya betri, kwa sababu bodi ile, alisema, ni kama mtoto mchanga, ukiipa chakula cha televisheni itapasuka tumbo. Vibonye vya redio hiyo hiyo vikawa vibonye vya kupigia risasi. Usukani aliutengeneza kwa spoku ya baiskeli iliyochomekwa kwenye kipande cha kandambili, ikizungukwa na misumari minne: spoku ikigusa msumari wa kushoto, unakwenda kushoto. Niliuliza maswali mpaka akaniambia mdomo wangu unahitaji swichi.

Swali nililoling'ang'ania ni la sarafu. Kama mashine inataka sarafu za Uganda, sisi tutazipata wapi?

"Bodi haijui sarafu, Kemi," alisema. "Haina macho. Inachojua ni kwamba nyaya mbili zimegusana. Zikigusana, inaamini imelipwa."

"Kwa hiyo tunaidanganya?"

"Tunaiamkia tu, nayo inaitika."

Alitafuta kitu cha kugusisha nyaya hizo kikarudi chenyewe kwa springi. Akazunguka nyumba nzima. Mwisho macho yake yakatua kwenye baiskeli ya Baba iliyoegemea ukuta wa sebuleni, kwenye kengele yake. Mimi na Justo tukatazamana. Kengele ile ilikuwa haipigwi na mtu mwingine. Baba alikuwa na uwezo wa kuisikia akiwa mwisho wa migomba, na ulikuwa hujamaliza kuipiga ameshakuita jina lako lote pamoja na la ubatizo. Stela aliifungua taratibu, akaifunga kwenye ubao wa vibonye bila kuiacha ilie.

Sasa likaja lile jambo la uchaga. Masika yalikuwa yameshika, kila kitu ndani kikiota ukungu, hata viatu. Stela alikuwa amepeleka betri Nkwenda ikachajiwe kwenye mashine ya kusaga, akazuiwa na mvua huko. Aliporudi na kuulizia bodi yake, Mama akamwambia, "Usiwe na wasiwasi, nimekuwekea mahali salama." Stela alikuwa bado anahangaika na televisheni, akashukuru, hakuuliza zaidi. Siku ilipofika ya kuunganisha, Mama akapanda kinu akaishusha bodi kutoka juu ya uchaga, pale juu ya mafiga, katikati ya mahindi ya mbegu na kikapu cha dagaa.

Stela aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa imebadilika rangi. Masizi yalikuwa yameingia mpaka chini ya majongoo.

"Dada. Umeikausha kama samaki."

"Hapo ndipo tunapoweka vyeti vya ubatizo!" Mama alisema, na alikuwa anakaribia kulia. "Huko juu hakuna unyevu, hakuna panya. Ningeiweka wapi, waitu, mdogo wangu?"

Na alisema kweli. Kwetu, kitu unachokipenda unakiweka moshini. Mbegu, chumvi, nyama ya Krismasi, ngozi ya kigoma, vyote huishi juu ya moto, na moshi ndio mlinzi wao. Hakuna hata mmoja nyumbani kwetu ambaye angefanya tofauti na alivyofanya Mama, isipokuwa aliyeishi Kampala.

Stela aliunganisha hivyo hivyo, akawasha. Televisheni ikakoroma kidogo, ikabaki nyeusi. Akagusa hapa, akagusa pale, ikabaki nyeusi. Akazima, akaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye shina la mgomba uliokatwa, na mimi nikamwona akilia, jambo ambalo sikujua kwamba analiweza. Nilihuzunika sana. Sikuwa najali mchezo. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba bodi ile ina uhusiano na ule ufa, kwamba ni mbio kati ya hivyo viwili, na ufa ndio unaoshinda.

Alipanguza machozi kwa kidole, akaona kidole kina mafuta meusi. Akakinusa. "Dagaa," alisema peke yake. Akasimama.

Alirudi kutoka bondeni na chupa chini ya kitenge. Bibi pua yake ilikuwa nzima kuliko miguu yake. Chupa ilipopita tu karibu na kigoda alishtuka.

"Gongo! Katika nyumba ya mzee wa kanisa! Mtoto wangu amelala hana sauti, na nyie mnaingiza gongo?"

"Si la kunywa, Mama. Ni la kuoshea."

"Wote husema hivyo," akajibu Bibi.

Lakini aliposikia kwamba linamwagwa, alivuta kigoda aje aone kwa macho yake. Tukakaa kumzunguka Stela barazani. Alimng'oa kila jongoo kwenye kikao chake kwa ncha ya kisu, akampa Justo, Justo akanipa mimi, mimi nikamwosha miguu kwa unyoya wa kuku uliochovywa kwenye gongo. Tuliwapanga kwenye jani la mgomba kwa utaratibu ule ule waliokaa, ili kila mmoja arudi kwake. Justo aliuliza kama bodi italewa. Bibi, bila kutazamwa na mtu, alisema ikilewa itakuwa ya pili katika ukoo, akacheka mwenyewe mpaka akakohoa. Gongo lilipoingia chini ya masizi lilitoka jeusi kama chai ya rangi, na chini yake kijani kikaanza kurudi.

Jumapili, baada ya ibada, Stela akasema tujaribu tena, na safari hii tujaribie chumbani kwa Baba. Mama alikataa kwanza. Kama isipowaka mbele yake? Stela akamjibu kwamba isipowaka, Baba hatakuwa ameona kitu, atakuwa bado na ukuta wake. Basi tukaingiza televisheni tukaiweka juu ya magunia ya kahawa, ikitazamana na kitanda. Tukapachika blanketi dirishani. Baba alikuwa ametupa kisogo kama kawaida. Nilimtazama bega lake likipanda na kushuka, nikaomba kimoyomoyo, si kwa Mungu peke yake, hata kwa majongoo.

Stela akagusisha waya kwenye betri. Kioo kikakoroma. Kikabaki cheusi muda kidogo, kisha kikaangaza na kujaa alama za ovyo, kisha zikafutika, na kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu tukaona nyota zisizo za Mungu. Justo alipiga kelele. Mama akamziba mdomo. Mwanga ule ulikuwa ukichezacheza ukutani mbele ya uso wa Baba, na yeye hakusogea.

"Sasa tuiamkie," Stela akanong'ona. Akapiga kengele.

Ng'ring!

Kitanda kililia. Mkono mzima wa Baba ulishika ubao, ukavuta, na yule mtu ambaye alikuwa hageuki hata kwa uji aligeuka mwili mzima, macho yamemtoka, uso umekunjamana kwa hasira, akitafuta ni nani anayecheza na baiskeli yake. Kwa muda huo nilisahau kwamba ni mgonjwa. Nilirudi nyuma kabisa, nikasubiri kuitwa jina langu la ubatizo.

Hakuna kilichotoka. Macho yake yalikuta kioo.

Bodi ilikuwa imeamini imelipwa, na mchezo ulikuwa umeanza. Lakini ulikuwa umelala ubavu. Vitu kama nyuki vilikuwa vikitoka kushoto na kukimbilia kulia, na bunduki yetu ya kuwapigia risasi ilikuwa imebandikwa ukingoni kulia kama mjusi. Maandishi yalikuwa yamesimama wima, herufi juu ya herufi. Siku hizi nafahamu kwamba masanduku mengi ya namna ile yalikuwa na kioo kilichosimamishwa kwa ubavu humo ndani, na bodi ilitengenezwa hivyo. Stela aliuza sarafu kwa miaka, lakini hakuwahi kuona kioo kilivyofungwa nyuma ya mbao. Wala hakuna aliyefikiria kwamba televisheni nayo inaweza kulazwa. Tulichofanya ni kuinamisha vichwa. Justo aliinamisha, Mama akainamisha, mimi nikainamisha, na Bibi kwenye kigoda chake alilaza sikio begani kabisa, tukawa kama kuku wanaomtazama mwewe.

"Mungu wangu, nimekosea waya," Stela alisema. "Nyaya zote nimezikosea. Ngojeni nizime, nianze upya."

Akanyoosha mkono kwenye betri.

"Leka!"

Acha. Lilikuwa neno la Kinyambo, zito, limejaa mate, na lilikuwa limetoka kitandani.

Mkono wa Stela uliganda hewani. Mama alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Hakuna aliyetazama tena televisheni isipokuwa Baba. Kichwa chake kilikuwa kwenye mto, shavu la kushoto chini, na nilipofuata macho yake ndipo nilipoelewa: kwake yeye nyuki walikuwa wanashuka kutoka juu, na bunduki ilikuwa chini, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa anauona mchezo ulivyo.

Aliutazama mpaka nyuki wakamaliza kushuka na kioo kikaanza kuomba sarafu nyingine. Kisha akainua macho, akatutazama sisi. Alianza na Bibi, akaja kwa Mama, kwa Stela, kwa Justo, kwangu. Mdomo ule aliotuficha miezi yote ulikuwa wazi mbele yetu, umevutika, na mate yalikuwa yakishuka taratibu kwenye mto. Hakuufuta wala hakuugeuza. Ulihangaika, ukatafuta, ukafunga, ukatafuta tena.

"Mbona," alisema Baba. Akapumzika. "Mbona mmepinda?"

Mama aliketi kwenye ukingo wa kitanda, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka, havijui kipi kitangulie.

"Tumepinda, Baba Kemi," akamjibu, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha shingo.